Amana za Nyumbani: Kutu Haianzii Pale Uionapo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Juma hili twaomba ruhusa tutoke jikoni na sebuleni, twende hadi uani ambako gari la nyumba limeegeshwa. Huenda baadhi ya dada zetu wakasema kwamba gari ni shughuli ya baba na fundi wake. Lakini tazameni ni nani hasa walitumiao. Ndilo lipelekalo watoto shule asubuhi na madrasa alasiri. Ndilo limpelekalo bibi kliniki. Ndilo libebalo samaki kutoka sokoni na masufuria ya pilau kwenda harusini, na siku ya msiba ndilo lijazwalo jamaa. Kitu kibebacho roho za watu wetu ni amana, na mwenye amana huichunga hata pale macho ya watu yasipofika.

Katika mwambao huu wetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, kuna mlaji mmoja alaye gari usiku na mchana, liwe linakwenda au limesimama. Mlaji huyo ni kutu. Injini yaweza kuwa nzima, tairi zikawa mpya, viti vikang'aa, na huku chini chuma kimekwisha liwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na kutu ya gari ndivyo ilivyo, kwani haianzii pale uionapo. Ukiiona juu ya rangi, jua kwamba imekwisha kaa ndani muda mrefu.

Chumvi ya jikoni na chumvi ya hewani

Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa safi. Hutoka kama mawe, mengi yao mekundu, ambamo chuma kimeungana na oksijeni; kisha mawe hayo huyeyushwa kwa moto mkali ili viwili hivyo vitenganishwe. Kutu ni chuma kuirudia hali yake ya zamani. Kwa safari hiyo kinahitaji vitu viwili tu, maji na hewa. Chumvi ikiongezeka, safari huwa ya mbio, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha kwa urahisi ule umeme mdogo uendao baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine wakati kutu inapofanyika.

Sasa chumvi hiyo hufikaje kwenye gari ambalo halijapata kuingizwa baharini? Mawimbi yavunjikapo juu ya miamba hurusha matone madogo mno. Maji yake hukauka angani, chumvi ikabaki, na upepo ukaichukua hadi mitaani. Wakati wa kusi, bahari ichafukapo, chumvi hiyo huwa nyingi zaidi. Mwenye nyumba karibu na ufuo huiona kwenye vioo vya madirisha kama ukungu mweupe, na huiona kwenye mabati ya paa yashikayo kutu mapema kuliko mabati ya ndugu zake wakaao bara.

Kila mama ajuaye jiko la Pwani amepata kuona chumvi ikilowa ndani ya kopo wakati wa masika, ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Unyevu huo ukifikia takriban asilimia 75, chembe za chumvi huyeyuka zenyewe zikawa majimaji. Na kwetu, usiku na alfajiri, unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi. Basi vumbi la chumvi lililotua chini ya gari hulowa usiku na kukauka mchana, siku baada ya siku, hata ikiwa mvua haijanyesha mwezi mzima. Ndiyo sababu gari liegeshwalo tu bila kutumika halipumziki na kutu.

Ziko madini zijikingazo zenyewe. Shaba hufanya ukoko wa kijani, na ukoko huo huilinda. Kutu ya chuma haina wema huo. Ina matundu kama sponji, hivyo hushika maji na chumvi na kuviweka palepale. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa, kwa hiyo hukua chini ya rangi na kuiinua. Ndipo siku moja unapoona kipele kidogo pembeni mwa mlango, ukakibonyeza kwa kidole, kikapasuka na kutoa unga wa kahawia. Siku hiyo si ya kwanza ya ugonjwa huo.

Wazee wetu waliijua dawa

Mambo haya si mageni kwa watu wa bahari. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulishonwa kwa kamba za minazi, wala haukupigiliwa misumari ya chuma. Vyombo vilivyokuja kupigiliwa misumari vilitiwa kalafati ya pamba na mafuta ili maji yasipate njia. Mbao zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na tumbo la chombo likapakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Nahodha hakungoja chombo kivuje. Kwa majira maalumu kilipandishwa pwani maji yakitoka, kikasuguliwa tumbo lake, kikakaushwa, kisha kikapakwa upya.

Angalieni mpango wa wazee hao: kwanza kusafisha, pili kukausha, tatu kupaka, na kazi kubwa ilikuwa chini, mahali pasipoonekana na mtu aliyesimama ufuoni. Gari nalo lataka mpango uo huo. Wengi wetu hung'arisha juu kila Ijumaa, na chini tukapasahau mwaka mzima.

Mahali pa kutazama

Mara moja kwa mwezi, mama au baba achukue tochi na dakika 15. Inama utazame nyuma ya kila gurudumu, chini ya madigadi, ambako matope hurundikana. Matope yaliyokauka juu huwa bado mabichi kwa ndani, na hukaa yameshikana na chuma kama kitambaa kilicholoa. Fungua kila mlango utazame ukingo wake wa chini, kisha kizingiti unachokanyaga unapoingia. Chini ya ukingo wa mlango kuna vitundu vidogo. Kazi yake ni kutoa maji ya mvua yanayoteremka kupitia mpira wa kioo. Vikiziba, maji hukaa ndani ya mlango kama ndani ya birika. Njiti ya kiberiti au ujiti mwembamba watosha kuvizibua.

Fungua buti, ondoa zulia lake na tairi la akiba, ulitazame shimo lililo chini yake. Mara nyingi maji hujificha humo. Fungua boneti, utoe majani yaliyokusanyika chini ya kioo cha mbele karibu na wipa, hasa ikiwa gari huegeshwa chini ya mwembe au mkwaju. Majani hayo huziba njia za maji. Tazama pia betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, zima gari na umwombe ajuaye akufungulie nyaya, akianza na ule wa hasi. Unga huo husafishwa kwa soda ya kuokea iliyokorogwa katika maji ya uvuguvugu, kwa mswaki mkuukuu, mikono ikiwa ndani ya glavu. Pakishakauka na nyaya zikafungwa tena, paka mafuta ya mgando. Asidi ya betri ikivuja huila hata sinia ya chuma iliyoishikilia.

Jambo moja la usalama: usiingie wala usimwache mtoto aingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Kazi ya chini kabisa aifanye fundi mwenye shimo au vyuma madhubuti vya kuliegemeza gari.

Maji gani, na kiasi gani

Hapa ndipo nyumba nyingi za Pwani hukosea bila kukusudia. Visima vyetu vingi, hasa kisiwani Mombasa na karibu na ufuo, vina maji ya chumvi. Kuosha gari kwa maji hayo, kisha likaachwa likauke juani, ni kulipaka chumvi kwa mikono yetu. Yaonje maji. Ulimi ukionja chumvi, na chuma kitaionja. Kama huna mengine, yatumie kutoa matope tu, kisha usuuze kwa maji matamu.

Twajua kwamba maji matamu ni ghali. Maji ya mji wa Mombasa hutoka mbali, mengine Mzima kule Tsavo kupitia bomba la takriban kilomita 220, mengine Baricho kando ya mto Sabaki. Na mifereji ikikauka, familia hununua mitungi kwa mkokoteni. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu ya maji, kiasi kisichofika hata lita moja. Haitufalii basi kuacha mpira wa maji umwagike nusu saa kwa sababu ya gari. Ndoo mbili za lita 20 zatosha, zikitumiwa kwa hekima. Ndoo ya kwanza iende chini: kwa kopo au pampu ya kunyunyizia mimea, rusha maji ndani ya madigadi, chini ya vizingiti na nyuma ya bampa. Ndoo ya pili iende juu, ukianzia paani na kuteremka, ili uchafu ushuke pamoja na maji. Na wakati wa masika, tega pipa chini ya paa. Maji ya mvua hayana chumvi, na Mola wetu hutupa bure.

Sabuni ya vyombo na ile ya unga ya kufulia ziacheni ndani. Huondoa nta inayoilinda rangi, kama ziondoavyo mafuta kwenye sahani. Tumieni sabuni iliyotengenezwa kwa magari, kidogo tu. Kisha kausheni kwa kitambaa laini, mkafungue milango na buti kwa muda ili upepo upite. Kwa gari liishilo karibu na bahari, kuoshwa chini mara moja kwa juma si anasa. Lililopitishwa kwenye maji ya bahari yaliyofurika barabarani, au lililopelekwa hadi mchangani, lioshwe siku iyo hiyo. Nta ya gari ipakwe juu kila baada ya miezi mitatu au minne.

Kuhusu maegesho, banda la makuti lililo wazi pembeni lafaa sana, kwani huzuia jua na umande na kuruhusu hewa. Turubai la plastiki lililofunika gari hadi chini huzuia unyevu usitoke, nalo likipigwa na upepo husugua mchanga juu ya rangi. Kama hakuna banda, egesheni upande wa nyumba usioelekea bahari.

Chumvi iingiayo kupitia mlangoni

Kutu nyingine huanzia ndani, na hii iko mikononi mwetu akina mama zaidi ya mtu yeyote. Mfuko wa samaki ukivuja ndani ya buti, harufu huondoka kwa ndimu na sabuni, lakini maji ya chumvi yamekwisha kupita chini ya zulia. Wekeni beseni au ndoo yenye kifuniko katika buti, na samaki wasafiri humo. Siku ya Idi watoto wakitoka kuogelea, hukaa vitini na nguo mbichi, miguu imejaa mchanga. Chukueni dumu moja la maji matamu la kuwasuuzia miguu, na kitambaa cha plastiki cha kutandika juu ya viti. Mkifika nyumbani, toeni mazulia yote ya miguuni, yapigwe jua, na sakafu ikung'utwe.

Ikiwa zulia la upande wa abiria wa mbele hulowa ingawa hakuna mvua wala aliyemwaga maji, huenda kimpira kinachotoa maji ya kiyoyozi kimeziba. Maji yake badala ya kudondoka chini barabarani hurudi ndani. Kukizibua ni kazi ndogo. Kulipuuza ni sakafu iliyooza.

Kipele kikiwa bado kidogo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiwe likirushwa na lori likabandua rangi, usingoje. Osha mahali hapo na pakauke. Sugua kwa msasa hadi chuma cheupe kionekane na pasibaki hata doa la kahawia, kwa sababu kutu iliyofunikwa kwa rangi huendelea kula gizani. Futa kwa spiriti. Paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikauke. Kisha paka rangi ya gari kwa tabaka nyembamba mbili au tatu, umalize na rangi angavu ya kung'arisha. Nambari ya rangi ya gari lako imeandikwa kwenye kibao au karatasi ndogo iliyobandikwa bodini, mara nyingi pembeni mwa mlango au chini ya boneti, na wauzaji wa rangi za magari huchanganya kwa kuifuata nambari hiyo.

Kwa chini ya gari, mafundi hupaka rangi nzito ya lami au nta maalumu ipenyayo kwenye mianya. Hiyo ndiyo deheni ya zama zetu, na ni kinga nzuri ikipakwa juu ya chuma kikavu kilicho safi. Ikipakwa juu ya matope, chumvi au kutu, huwa kifuniko cha sufuria: hufungia maji ndani, na mwenye gari akakaa na matumaini hadi siku ya kutoboka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muombe fundi akuonyeshe chini baada ya kusafisha na kabla ya kupaka. Dada, usione haya kuomba hilo; fedha ni zako na watoto ni wako.

Kuna desturi ya kunyunyiza oili chafu ya injini chini ya gari. Twawasihi muiache. Oili hiyo hudhuru mipira ya gari, na imebeba sumu zinazodhuru ngozi ya aishikaye. Zaidi ya hayo, hudondoka ardhini, na ardhi yetu ya matumbawe ina mianya mingi. Kinachomwagwa juu huteremka hadi kisimani. Kulinda chuma cha mmoja kwa kuharibu maji ya majirani ni hesabu isiyokubalika.

Mahali ambapo kutu huua

Madoa ya mlangoni huudhi jicho tu. Liko kutu la hatari zaidi. Mabomba membamba yapelekayo mafuta ya breki kwenye magurudumu hupita chini ya gari, na katika magari mengi ni ya chuma. Yakiliwa, yaweza kustahimili kila siku unapokanyaga taratibu, kisha yakapasuka siku unapokanyaga kwa nguvu zote kwa sababu mtoto wa mtu amekatiza barabara. Vivyo hivyo, vizingiti na chesisi ndivyo vibebavyo kishindo cha ajali. Mikanda ya usalama nayo imefungwa kwenye chuma cha sakafu na nguzo. Mkanda mzuri uliofungwa kwenye chuma kilichooza haumshiki mtu.

Kwa hivyo, gari likipelekwa gereji kubadilishwa oili, ongezeni ombi moja: mabomba ya breki, chesisi na mahali zilipofungwa springi zikaguliwe. Bomba la breki lenye magamba ya kutu hubadilishwa, halipakwi rangi. Chesisi iliyotoboka hukatwa sehemu mbovu na kuchomelewa chuma kipya na fundi hodari. Kuziba tundu kwa fila na kupaka rangi juu ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya na kudai amepona.

Siku ya kuuza na kununua

Hapa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuchague mada hii. Magari mengi ya familia zetu yamenunuliwa yakiwa yametumika. Mengine hushushwa bandarini kutoka Japani, na sheria yetu hairuhusu yaliyozidi miaka 8. Hata hayo yastahili kutazamwa chini, kwani katika mikoa ya Japani yenye theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Mengine huuzwa baina ya jamaa na jamaa, jirani na jirani, msikitini na kazini. Na kabla ya kuuzwa, wengine hulipeleka gari "likatengenezwe bodi": kutu huzibwa kwa fila, rangi ikapigwa, chini kukapakwa lami nyeusi, na mnunuzi akalikuta linang'aa kama bwana harusi.

Wajulikana mkasa wa Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaona rundo la nafaka. Alitia mkono ndani yake, vidole vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akasema kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akaonya kwamba mwenye kudanganya hayumo katika sisi. Tazameni: mvua haikuwa kosa la muuzaji yule. Kosa lilikuwa kuweka kikavu juu na kibichi chini. Na gari lenye kutu si dhambi ya mwenye gari. Hewa ya bahari ni ya wote. Dhambi huanza pale fila ipakwapo ili ndugu yako asijue. Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba aijuaye aibu ya bidhaa yake ni wajibu aibainishe, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiyari ya kurudisha alichonunua. Basi muuzaji aseme waziwazi, "Kizingiti cha kushoto kiliwahi kuchomelewa, na chini ya buti pana kutu." Bei itapungua, na baraka itabaki.

Kwa mnunuzi, haya yasaidia. Nendeni mchana, gari likiwa kavu. Chukueni sumaku ndogo mliyoifunga kwa kitambaa, ipitisheni chini ya milango, kwenye vizingiti na madigadi. Pale isiposhika, ilhali sehemu iliyo jirani imeshika, huenda pana fila nene. Bampa za plastiki na baadhi ya boneti za alumini hazishiki sumaku, hizo msizihesabu. Gongeni kwa kifundo cha kidole: chuma hulia, fila hunyamaza. Inueni mazulia. Lami mbichi inayong'aa chini ya gari la zamani iulizwe imepakwa lini na kwa nini. Na fundi wa kukagua awe wa kwenu, asiwe wa muuzaji.

Katika Qur'ani Tukufu iko sura yenye jina la chuma, Suratul Hadid, na aya yake ya 25 yataja kuwa katika chuma mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Iko pia Suratul Mutaffifin, ianzayo kwa onyo kali kwa wapunjao vipimo wanapowauzia wenzao. Ndani ya sura iyo hiyo, katika aya ya 14, yatajwa kile kilichozifunika nyoyo kwa sababu ya waliyoyachuma, na wafasiri wamekifananisha na kutu. Imepokewa pia kwamba mja akikosa, nukta nyeusi hutiwa moyoni mwake. Akitubu, moyo husafishwa. Akiendelea, nukta hukua hadi ikaufunika moyo wote. Kipele cha gari kikisuguliwa mapema hutoka kwa msasa wa shilingi chache. Kikifichwa, hula hadi kikatoboa, na afichaye kwa hila huwa ameanzisha kutu mbili, moja katika gari la mwenzake na ya pili ndani ya kifua chake.

Ijumaa hii, ndoo ya kwanza ianzie chini ya gari.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azilinde safari zenu na watoto wenu, atujaalie uaminifu katika tunachomiliki na tunachouza, na azitakase nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.